Taa Niliyompa Mama Sabina

Jumatano, 5 Juni 2024

Nimefika. Baridi ya huku si mchezo — na mimi ni mtu wa Igowole, baridi naijua! Mradi wa joto la ardhini umenipangia kulala kwa Mama Sabina, mjane wa Kisafwa, mkulima wa viazi, huku milimani juu ya barabara ya Tukuyu. Kazi yangu wiki tatu: kila asubuhi kupima joto la chemchemi ya maji moto, na Jumamosi kuwafundisha wanakijiji nishati jadidifu ni nini. Mhandisi Gideoni kasema niwaambie kwa lugha nyepesi. Lugha nyepesi! Mimi fundi sola. Joto la ardhini nimelisomea kwenye kipeperushi ndani ya basi.

Nilimwamkia Mama Sabina "Kamwene", salamu ya kwetu, kana kwamba niko nyumbani. Alicheka mpaka akashika mlango.

Alhamisi, 6 Juni

Chemchemi: nyuzi 61. Chini yake kuna bonde la duara, limezama, limejaa magugu mabichi. Kimya. Nimekuta shorewanda watatu wamelala chini, mabawa yamekunjwa vizuri. Wamekufa. Hawajaoza, hawana hata sisimizi mmoja! Nilirudi haraka kuliko nilivyoenda.

Nimemwambia Mama Sabina. Aliendelea kumenya viazi. Hii bonde inapumua, mwanangu, alisema. Usiende kule bila mimi.

Inapumua! Haya.

Ijumaa, 7 Juni

Leo amenichukua. Kumbe mbegu zake za viazi anazihifadhi kule chini kabisa, ndani ya pango dogo chini ya mwamba. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Nondo wa viazi haingii humo, anasema, hata mmoja.

Alibeba kijinga cha moto. Ila hakukiinua kama mtu anayetaka kuona mbele. Alikishusha mpaka magotini, akatembea nacho hivyo, ameinama kidogo. Nikajisemea, huyu mama vipi?

Katikati ya mteremko kikazima. Upepo hakuna. Tone la maji hakuna. Kilizima kama mtu kakifinya kwa vidole. Na moshi wake haukupanda — uliserereka pembeni, ukatanda usawa wa magoti yetu kama shuka. Chini ya ile shuka sikuona kitu, na sikutaka kuona.

Mama Sabina aligeuka palepale. Leo imekataa, tutarudi kesho. Akaenda zake kama mtu aliyekuta duka limefungwa. Mimi nywele zilinisimama.

Nimefikiri jioni nzima. Kuni mbichi, basi. Unyevu. Fundi mzima naogopa moshi!

Jumamosi, 8 Juni

Semina, ukumbi wa kanisa. Walijaa! Niliwaambia: jua haliishi, upepo hauishi, maji ya mto yanazungusha mtambo na kuendelea na safari yake, samadi ya ng'ombe inatoa gesi ya kupikia. Na nyie hapa mmekalia chungu — joto la ardhini. Unatoboa, mvuke unapanda, unazungusha mtambo, umeme huo.

Jirani yetu Asukile, mzee mpole, akanyoosha mkono. Mkishatoboa, na pumzi yake mtaipeleka wapi? Nilicheka, nikafungua picha inayofuata.

Halafu nikatoa taa ya sola. Nikaizamisha kwenye ndoo — inawaka! Makofi. Nikamwita Mama Sabina mbele: mama, kijinga sasa kipumzike, hii haijui unyevu wala upepo. Aliipokea kwa mikono miwili.

Haizimi kabisa? aliuliza.

Kabisa, mama!

Nilijisikia mtu.

Jumapili, 9 Juni

Ibada ndefu. Mama Sabina ameisifia taa kwa kila aliyempa mkono. Nimemwandikia Gideoni kuhusu ule moshi, nimemtania kwamba bonde lina mizimu. Mtandao hakuna, ujumbe umekwama. Chemchemi 64.

Jumatatu, 10 Juni

Ukungu. Jani halitikisiki tangu jana. Moshi wa jikoni unatambaa uani badala ya kupanda, kuku wanaukwepa. Chemchemi 66, na inatoa mapovu makubwa, polepole, yanapasuka mojamoja. Nimesimama pale nikihesabu mapovu, mara nikagundua nami navuta pumzi kwa mwendo huohuo. Niliondoka.

Mama Sabina keshokutwa anapanda viazi kwenye kinyungu, kishamba chake cha kule mtoni, udongo bado una unyevu. Anataka mbegu. Taa ameichaji mwenyewe juu ya bati, ingawa jua lenyewe la kuokoteza.

Jumanne, 11 Juni

Nimekaa juu ya bonde. Asukile ameniamuru nikae, nisisogee. Naandika ili nikae kweli.

Asubuhi nilipanda kilimani kutafuta mtandao. Ujumbe wangu ukaenda, na jibu la Gideoni likaingia. Si mizimu, hiyo ni hewa ya ukaa inatoka ardhini. Haionekani. Nzito, inatulia mabondeni kama maji kwenye beseni, zaidi siku zisizo na upepo. Moto ukizima, hapo hakuna pumzi. Wenyeji wanajua. Usishuke bila moto wao.

Nilikimbia mpaka kiatu kikatoka. Chumba chake kitupu. Kikapu hakipo. Taa haipo. Kijinga kiko jikoni, kinafuka kwenye mafiga.

Inaonekana kutoka hapa. Nukta nyeupe chini ya mwamba, ndani ya ukungu, haitikisiki. Tumeita, mimi na majirani waliokuja. Mara moja tulisikia kama kikohozi. Asukile anasema ni yeye. Mwingine anasema ni chemchemi.

Wameshusha kijinga kwenye mti mrefu mara tatu. Kinazima kikifika usawa wa kiuno. Kiuno! Ijumaa ilikuwa magoti. Kamba imeletwa, Asukile amejifunga. Wanawake wamekuja na nyungo, wamejipanga ukingoni, wanapepea kuelekea chini, wote pamoja. Nilichukua ungo, nikapepea mpaka mabega yakafa ganzi. Hapo ndipo Asukile akaniambia nikae, nilikuwa nateremka bila kujua.

Anjela, binti wa Mama Sabina, amefika kutoka Uyole. Ameniuliza taratibu kabisa, kwa nini mama leo hakubeba moto. Nimemwonyesha ile nukta nyeupe. Mimi, niliyesema saa mbili nzima ukumbini! Bado amesimama hapa, anasubiri nimjibu.

Upepo kidogo. Majani ya juu yametikisika, nimeona.

Asukile anashuka na kijinga kipya. Kiunoni — kinawaka. Ameinama, anakishusha. Kimefika magotini. Kimepungua, kimekuwa chekundu. Bado kinawaka. Amesimama, anakitazama. Mguu mmoja ameutanguliza.