Kushikwa Kidevu Mbale

Hamida mdogo wangu, Jinja mpo? Hapa Mbale mvua imeuficha mlima wa Wanale.

Jana, baada ya bakuli la malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, nilimeza kidonge cha kichwa. Mama Mdogo akanishika kidevu, akanivuta mlangoni penye mwanga, akachungulia ndani ya midomo yangu. Ndivyo marehemu Mama alivyotufanyia kila tukimeza dawa, nasi tukimcheka! Kumbe alikuwa anaogopa, Mama Mdogo ameniambia. Dawa ya kifafa ilimtoa kaka yao vidonda mdomoni, kisha ngozi ikambambuka kama aliyeungua, akafa. Daktari aliwaambia hatari hiyo imo katika damu ya ukoo.

Kabla binti yako Sumaya hajaanza dawa ya kifafa, mweleze daktari habari za Mjomba. Halafu mshike kidevu, umwambie bibi yake anamsalimia.

Dada yako, Mariamu