Baba, Rudisha Breki ya Mbele

Mafinga,
Jumapili, baada ya misa.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute umekaa, na kama umesimama, tafadhali kaa kwanza. Huku sote wazima: mimi, mkweo Odilia, na huyu mtoto mdogo, mdogo wake Anjela, ambaye ameshaota meno mawili na anauma kila kinachompitia karibu. Baridi ya Mafinga ni kama ya kwetu Gare, ila ukungu wa huku unachelewa kuondoka. Kiwandani magogo ni mengi na misumeno haipumziki. Je, mgongo wako umepoa? Kikohozi cha Mama kimeisha? Maharage ya kule bondeni yametoka vizuri?

Hizo ni salamu na ni za kweli. Sasa nikuambie kwamba nina hasira, Baba. Nimekaa nazo wiki nzima, nimekwenda nazo kazini na leo nimekwenda nazo mpaka kanisani, sikumbuki hata padri alihubiri nini. Ningeweza kupiga simu, lakini tunajuana. Kwenye simu utasema, "Haya mwanangu, sisi salama," nami nitaitikia "salama," na mambo yataishia hapo. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Isome mwenyewe hadi mwisho. Usimpe Anjela akusomee, hata kama miwani imepotea.

Jumapili iliyopita nilipopiga simu, Mama aliniambia Anjela ameteleza kwenye njia ya kisimani, mkono umevunjika, amefungwa plasta. Nikaumia, nikasema basi, watoto ndivyo walivyo. Nikaomba niongee naye. Nikasikia Mama anamwambia, "Msalimie baba yako, usiseme mengi." Mtoto akaondoka na simu, nikasikia mlango, kisha kuku. Ninakuandikia alivyosema, neno kwa neno.

"Shikamoo Baba. Mimi sikuteleza."

"Ikawaje?"

"Tulianguka na Babu. Tulikuwa tunaenda Mombo kununua viatu vya shule. Tulipoipita Soni, kwenye zile kona, Babu akakanyaga breki ikazama. Akakanyaga tena, ikazama. Akasema, Anjela nishike sana, akaipeleka kwenye ukingo."

"Injini ilikuwa inawaka?"

"Hapana. Tukishuka huwa anaizima, asikie watu wakimwamkia."

Kisha akashusha sauti. "Babu amesema nisikwambie, utamnyang'anya pikipiki."

Baba, mtoto ana miaka tisa. Mkono umevunjika, na juu ya mkono uliovunjika amebebeshwa siri ya mtu mzima.

Nikamuaga, nikakata simu. Odilia alikuwa jikoni, akaniona uso, akauliza kuna nini, nikamwambia. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikwenda chumbani akatoa lile begi la safari, akaweka nguo za mtoto mdogo, akalifunga, akaliweka mlangoni. Lipo pale hadi leo. Kila nikitoka na kuingia nalivuka. Anataka kuja kumchukua Anjela, na mimi nimemwomba asubiri mpaka wewe usome barua hii. Kwa hiyo elewa tunaongelea nini. Mliponiomba mtoto wa kwanza abaki nyumbani alelewe na bibi na babu yake, niliwapa bila kuuliza swali, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa sisi. Mkweo naye aliwapa, ingawa kwao hawana desturi hiyo, na alilia kutoka Lushoto hadi Morogoro. Leo hana tena imani, na mimi sina la kumtetea nalo mzazi wangu.

Usiniambie ni kubana mafuta. Mafuta ninayajua, kila mtu wa milimani anashuka amezima ili abane mafuta, na hao nao ni wapumbavu, lakini wewe huna hata sababu hiyo. Wewe unazima injini ili usikie shikamoo! Krismasi uliponipakia uliniambia mwenyewe, tena kwa fahari, kwamba mtu mzima akipita anaunguruma bila kuitikia ni kuwatukana watu. Kwa hiyo unazima, unaweka fri bila gia yoyote, unaacha mlima ukubebe, na unashuka taratibu unagawa marahaba kulia na kushoto kama askofu. Kwa akina mama wanaouza plamsi, marahaba. Kwa watoto wa shule, marahaba. Nilicheka siku ile. Leo sicheki. Injini ikiwa kwenye gia inakushikilia kwenye mteremko, Baba. Ukiizima, mzigo wote unabaki kwenye breki ya nyuma, na breki ya nyuma ikichemka haijali kama umeitikia au hukuitikia.

Tena ya nyuma peke yake, maana ya mbele uliing'oa! Hapa ndipo damu inaponichemka. Ulianguka mara moja kwenye tope pale karibu na kanisa, ukabana breki ya mbele ghafla, ukapita juu ya usukani mbele ya kwaya nzima. Kila mtu anaanguka anapojifunza, na wewe ulijifunza ukiwa na miaka sitini na tatu. Lakini badala ya kujifunza kuibana taratibu, uliamua breki ya mbele ni adui, inapindua watu. Ukautoa mkono wake, ukautoa na waya wake, na waya ukaufungia keria. Hiyo keria yenyewe uliitengeneza kwa bomba la maji, nami niliisifu. Breki shuu za nyuma zilipolika ukazichomekea vipande vya bati zifike, badala ya kuweka mpya. Haya yote umeyafanya kwa mikono yako, uwani kwako, na vijana wa kijiweni wakakuiga kwa sababu wewe ni fundi.

Nilimpigia Mjomba Kasiani, nikijua kwetu mtoto hamkosoi baba yake, anapitia kwa mjomba. Nilimweleza yote, nikamwomba aje akae na wewe. Unajua alichonijibu? "Mgosi wangu, sisi wote tunashuka hivyo. Na hiyo ya mbele hata mimi nimeitoa." Akacheka! Nimekaa na simu mkononi nikijiuliza huyu ndiye mtu aliyepewa kazi ya kunisemea. Ndiyo maana leo nasema mwenyewe. Kama ni kosa la adabu, nitatoa mbuzi.

Lakini hasira nyingine nimejihifadhia mimi. Krismasi, uliponipakia, niliuona ule mkono haupo. Nilikaa nyuma yako, nikaangalia juu ya bega lako la kulia, nikaona mpini mtupu. Kazi yangu ni mashine, Baba, nilielewa mara moja. Lakini nikasema moyoni, huyu ni baba yangu, nitamwambiaje? Nikashuka na wewe hadi Mombo nimekaza miguu, na tulipofika nikakushukuru kwa safari njema. Nilinyamaza kwa heshima, na kwa heshima hiyohiyo nikapanda basi, nikamwachia mtoto wangu ile nafasi ya nyuma. Kila nikivuka lile begi mlangoni nakumbuka. Sitanyamaza tena, hata ukinuna mwaka mzima.

Na kinachonitesa zaidi ni kwamba mtu huyu anayezima injini simjui. Mimi ninamjua msimamizi wa mashine ya mbao kule Shume. Nilikuwa nakuletea chakula, na siku moja nilikukuta umesimamisha kazi yote, mashine kimya, watu wamepanga mstari. Kuna mtu alikuwa amefungua kile kifuniko cha msumeno kwa kuwa kilikuwa kinamchelewesha. Alikuwa rafiki yako, mlikuwa mnakaa benchi moja kanisani. Ulimwambia achukue koti lake aende nyumbani. Akasema, "Mkuu, miaka kumi na mbili sijaumia." Ukamjibu, "Hujaumia ndiyo sababu unanitisha." Hukupandisha sauti. Nilikuwa mdogo, nimeshika bakuli la makande, na maneno yale yakaniingia hadi leo. Pale kiwandani kwetu karibu kila mzoefu amepungukiwa kidole. Mimi ninavyo vyote kumi, na vijana wakiniuliza dawa gani ninatumia huwaambia nililelewa na mtu mkali. Yule mtu mkali yuko wapi? Kwa nini vidole vyangu vilikuwa na thamani na mkono wa mjukuu wako hauna?

Nimesema. Sasa nasikia moyo umepoa kidogo, lakini sifuti hata neno.

Pikipiki sikunyang'anyi. Niliinunua ili usiende kwa miguu ukiwa na mgongo ule, na bado nataka uiendeshe. Ninajua ilivyokurudishia heshima yako tangu ulipostaafu, najua sasa unafika kwenye mazishi na vikao bila kuomba kubebwa. Kwenye boksi lililokuja na barua hii kuna waya mpya wa breki ya mbele, mkono wake, na breki shuu za mbele na za nyuma. Usimpe fundi mwingine. Funga mwenyewe, mchana, wale vijana wa kijiweni wakikuangalia, na uwaambie kwa mdomo wako kwamba ulikosea. Hivyo vipande vya bati vitupe chooni. Na ukishuka mlima, washa injini, weka gia ya pili, wainulie watu mkono. Watakaosema una majivuno, waambie wanitafute mimi.

Mwambie Mama namsalimu sana na shikamoo nyingi, na kwamba ile habari ya kisimani nimeisamehe, lakini asirudie kunificha jambo la mtoto wangu. Nisalimie shangazi, mwambie kitambaa alichoomba Odilia amekipata. Nisalimie katekista na ukoo wote. Mjomba Kasiani msalimie pia, na umwonyeshe boksi, aone kwamba waya upo madukani.

Na Anjela umfikishie salamu za pekee. Mwambie hakukosea kuniambia. Mwambie wewe mwenyewe, Baba, kwa kuwa siri ulimpa wewe. Mkono wake uliovunjika ni wa kulia, na mkono wa breki ya mbele uko kulia. Kwa hiyo nimeamua hivi: ukishafunga kila kitu, pikipiki ikae ndani mpaka plasta itolewe. Siku hiyo iweke kwenye stendi kubwa uwani, inua gurudumu la mbele, ulizungushe kwa nguvu, halafu mwache mtoto aubane ule mkono kwa vidole vyake. Akiweza kulisimamisha, anipigie simu yeye, si wewe wala Mama, na Odilia atalifungua begi. Safari hii neno lako halinitoshi, Baba. Nitaamini la kwake.

Ni mimi mwanao niliye chini ya miguu yako,
Benedikti.