Picha ya Wawili

Jumanne, 1 Aprili
Nejla, kiongozi wa kundi letu la picha huko Sfax, katangaza mada ya mwezi: Wawili. Ee Mola! Mwezi uliopita ilikuwa Upepo, nikashinda jangwani na mchanga mdomoni, raha tupu. Sasa wawili — nitawatoa wapi? Tangu nimwache mke wangu Saida, nyumba hii hata paka haina. Na sheria ni ileile, anayekosa mwezi anatolewa. Simu yangu hailii ila kwa kundi hili.

Jumapili, 6 Aprili
Nimekwenda kwenye ziwa la chumvi. Nimetembea mpaka visigino vikachubuka. Weupe tu, na korongo mmoja. Mmoja! Nikamngojea mwenzake mpaka jua likazama. Hakuja.

Ijumaa, 18 Aprili
Bado. Wenzangu wametuma: mapacha, punda wawili, babu na bibi wa Tabarka. Nejla kaniuliza, Lazhar uko wapi? Nikamjibu nipo. Nimefurahi kuulizwa mpaka nimejionea aibu.

Jumatatu, 28 Aprili
Wazo! Msimu wa kuozesha mitende haujaisha. Ami Laroussi, mkwezi, bado anapanda na maua ya mtende dume, anayafunga ndani ya mashada ya mtende jike. Dume na jike — wawili! Nimemwomba nimpige picha. Kanicheka weee.
"Wewe kuoa tena umeshindwa, sasa unakuja kupiga picha harusi ya miti?"
Kesho, shamba la nyuma ya nyumba yangu.

Jumanne, 29 Aprili
Kabla ya kupanda, Ami Laroussi alipaza sauti, kama kila mkwezi wa hapa: "Jistirini, wenye nyumba! Napanda!" Maana kutoka juu unaona nyua zote. Wanawake wakaingia ndani. Mimi nikakwea ukuta wa ua wangu. Picha mbovu — makuti, vumbi la maua, na matako ya Ami Laroussi. Akashuka, akatangaza amemaliza, akaenda zake.

Mimi nikabaki ukutani, nangoja mwanga. Sikupiga hodi. Mimi, mzaliwa wa hapa Nefta!

Nikageuza kamera. Uani kwa Bi Mbarka, jirani yangu mjane, kichwa wazi, mvi mpaka mgongoni. Anamimina chai bilauri mbili. Moja yake, nyingine mbele ya mto usiokaliwa na mtu. Akasema kitu, akanyamaza, akatabasamu kama aliyejibiwa. Kidole kikabonyeza chenyewe.

Sijawahi kupiga picha nzuri hivi. Naogopa kuitazama.

Jumatano, 30 Aprili
Leo ndiyo mwisho wa kutuma. Sfax ni mbali, nani atamjua? Lakini nywele za mwanamke wa watu si zangu za kugawa. Nimezunguka nyumba nzima na simu mkononi.

Alasiri nikabisha kwake. Kafungua mlango kidogo, ushungi kaukaza. Nikamwonyesha. Kaitazama, kaitazama.
"Ulikuwa juu ya ukuta?"
"Ndiyo, Bi Mbarka. Nisamehe."
"Na hukupiga hodi! Mamako nilimjua, adabu alikufunza."
Akaitazama tena.
"Kumbe nimezeeka hivi." Kisha: "Futa."
Nikafuta mbele yake. Mlango ukafungwa.

Nejla kauliza tena, Lazhar uko wapi? Safari hii sikujibu. Kesho watanitoa. Nimelia kidogo, mtu mzima mimi.

Sasa nimeketi chini ya ukuta, naandika. Upande wa pili nasikia birika, nasikia bilauri zikigongana. Kisha sauti yake: "Chai inapoa!"

Sijui anamwambia marehemu mumewe au mimi. Nikienda, mtaa mzima utakuwa na la kusema. Nimesimama, nimeketi, nimesimama tena.

Kaita mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Marehemu hakuwa kiziwi —