Libanga ya Maman Pétronille

Bruxelles, 16 janvier 2011

Maman wangu Pétronille,

Jambo sana. Magoti imepoa? Miye niko muzima, nimenenepa mpaka mlango wa métro unanisalimia.

Habari kubwa: mutoto wako ni mwimbaji wa Ulaya! Tuko wanaume wanne, bila gitaa, bila ngoma, midomo tu. Njo muziki ya salon de coiffure: zamani kule Amerika watu waliimba vile wakingojea kunyolewa. Chef ni Constant, Mbelgiji mwembamba anayetumika kwa bureau, mtaa wa Schuman. Yeye anashika wimbo wenyewe. Désiré anaenda juu, Ghislain anatembea chini kama camion ya mizigo. Miye baritone, najaza matundu katikati. Constant anasema: "Nday, siku muntu atakusikia peke yako, umeharibu." Miye, niliyetingisha kanisa yote ya Kamalondo kule kwetu! Bon, amenikubali kwa kujaribu tu. Lakini nataka kubaki, Maman. Tukipatana vizuri hewa inalia yenyewe, kama kuna muntu wa tano.

Mutoto wako, Nday

Lubumbashi, 3 mars 2011

Nday mutoto wangu,

Salamu nyingi. Magoti inaniuma tu nikifagia, donc sifagii.

Barua yako nimeisoma mbele ya chorale yote ya kanisa. Mwenzetu Claudine akakunja mdomo. Unajua mwanawe wa Paris alimpatia mwanamuziki pesa amtupie mama yake libanga: wakataja jina lake katikati ya wimbo, na tangu pale hatupumui. Anakaa kiti ya mbele! Miye sikuzaa? Ukiimba kwa concours, mbele ya waamuzi, tupa jina langu. Moja tu. Lakini kwa nguvu.

Mama yako

Bruxelles, 20 juin 2011

Maman,

Natumaini umelala vizuri. Miye mwili muzima, roho imechubuka kidogo.

Nilitupa jina lako pale concours. Wimbo ulikuwa wa muntu anayeaga muchumba wake. Mwishoni tunashusha sauti pole pole, nikafungua kifua: "Maman Pétronilleee, mama ya Lubumbashi nzima!" Watu wakacheka mpaka machozi. Waamuzi hawakucheka. Tumekuwa wa mwisho.

Ndani ya métro Constant akaangalia dirisha tu, na kule chini ya udongo hakuna kitu cha kuangalia. Kufika kituo cha Porte de Namur akauliza: "Pétronille ni nani?" Nikasema, mama yangu. "Jina nzuri," akasema. "Lakini halimo ndani ya wimbo." Tutarekodi CD. Nikijitokeza tena, watatafuta mwingine. Miye niliyezunguka dunia, leo naogopa mazoezi!

Nday wako

Lubumbashi, 12 février 2012

Nday,

Bonjour. Ya magoti usiulize.

Mathilde uliyemutuma amefika na CD yenu. Tumeiweka kwa chorale. Ni muzuri, sikatai, hata Claudine alifunga macho. Lakini nilikutafuta wewe. Nikasogeza sikio, nikaomba warudishe, nikafukuza kuku. Nasikia muntu mumoja tu, mukubwa, kama ana koo nne. Wewe hauko! Sauti yako naijua hata ukikohoa. Sema kweli: walikufukuza? Usione haya. Hata huko Ulaya kanisa za kuimbia hazikosekani.

Mama yako, mwenye hasira

Bruxelles, 4 mars 2012

Maman wangu wa mapendo,

Uko muzima? Hasira isishuke mbio, imenifaa sana.

Barua yako nimeisoma kwa mazoezi, hapa mtaa wa Saint-Gilles, nikiigeuza Kifaransa mustari kwa mustari. Nilipofika "wewe hauko", Ghislain akapiga meza. Désiré akanikumbatia. Constant akasema, "Rudia pale." Nikarudia. Akavaa koti akatoka, nikajiambia, bon, imeisha. Kumbe alienda kununua bia. Akaweka chupa mbele yangu.

"Mama yako ana sikio," akasema. "Mazoezi ya jeudi usichelewe."

Hawakunifukuza, Maman; usiponisikia peke yangu, njo nimeimba vizuri. Weka tena ile CD.

Mutoto wako, robo ya yule muntu mukubwa,
Nday