Maji kwa Aliye Motoni

Bwenini, 4 Mei

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepungua kuuma na cherehani haikusumbui. Mimi mzima, ila nina aibu.

Kipaimara ni mwezi ujao, nami nimekutaja wewe uwe msimamizi wangu. Sasa Padre, yule Mzungu mwenye miwani, aliuliza darasani nyumbani tunasali vipi. Unanijua, huwa sifungui mdomo. Siku hiyo nikaufungua. Nikasema Bibi humwaga maji kizingitini, akamwita babu yake marehemu, ndipo akafanya ishara ya msalaba. Darasa zima likacheka. Padre hakucheka. Amesema uache hayo matambiko, ama nitafute msimamizi mwingine.

Bibi, acha tu hadi Kipaimara ipite. Sitaki kusimama na mtu mwingine.

Mjukuu wako

Nyumbani, 12 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Cherehani ndiyo imepona. Unakula? Usinidanganye.

Kwa hiyo siku uliyoamua kuongea, ukaanza na mimi! Haya. Sikukasirika. Nilicheka hadi nikajichoma sindano.

Lakini siachi. Hayo si mambo ya kale unavyodhani. Mama yangu alipobatizwa, alimuuliza padre wa kwanza kufika huku: baba yangu aliyekufa kabla hamjaja, yuko wapi? Akajibiwa: motoni. Mama hakubisha, alimwamini. Akarudi nyumbani akiwaza: aliye motoni ana kiu. Akateka maji, akamwaga mlangoni, akamwita baba yake. Nami nikarithi. Maji yale tumeyatoa kwenye mafundisho yao wenyewe.

Nitamwachaje mzee wa watu na kiu yake ili mimi nipendeze kanisani siku moja? Mwombe mwalimu wako asimame nawe. Gauni nitakushonea vilevile.

Bibi yako

Bwenini, 20 Mei

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Pole na sindano.

Mwalimu sikumwomba. Nilimpelekea Padre barua yako, nikabaki mlangoni. Alisoma, akavua miwani. "Hivyo ndivyo tulivyowaambia?"

Nikasema, "Ndiyo, Padre. Na bila Bibi, mimi sipokei Kipaimara." Sauti ilikuwa ndogo kama ya panya, lakini ilitoka.

Kisha akaniambia kuwa baba yake alikuwa fundi viatu, mcheshi kweli, na hakukanyaga kanisa hadi anakufa. Hakueleza zaidi. Alisema tu, "Mwambie Bibi aje. Sitamuuliza kitu."

Utakuja?

Mjukuu wako

Nyumbani, 27 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nakuja, na gauni liko tayari, kwa hiyo usinenepe.

Huyo Padre wako, masikini! Kumbe naye ana wake huko motoni, na amebeba hilo peke yake, mbali na kwao. Muulize kwa upole baba yake aliitwa nani. Akisita, usimkazanie. Mwambie tu kwamba maji tunayo.

Bibi yako