Shati la Njano Ukutani

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Koboko tu wazima, ila mvua imeozesha mihogo na babu yako bado anakohoa. Umeniuliza umfanye nini mwanafunzi anayesimama mbele ya picha katika jumba lenu la sanaa na kukataa kusema anachoona.

Mimi nilikuwa mtoto kama huyo. Tulikuwa wakimbizi Kongo. Mwalimu alitupa kalamu za rangi, kisha akatundika michoro yetu kwenye ukuta wa matete na kuwaita wazazi. Nilikuwa nimechora barabara tuliyopita tukikimbia, na kando yake mwanamume mwenye shati la njano lenye mfuko wa kijani.

"Huyu mutu iko nafanya nini?" mwalimu akauliza.

Nikanyamaza. Akadhani naona haya, akarudia kwa sauti.

"Iko nalala," nikasema. "Nzi iko kwa macho yake."

Nyuma yangu alisimama jirani yetu, Mama Sadia. Mfuko ule aliushona yeye. Kila jioni alimwekea mumewe sahani yake ya chakula, akisema yuko njiani. Aligusa karatasi, akatoka.

Basi mtoto akinyamaza, simama naye tu, mnyamaze nyote wawili.

Jioni ile Mama Sadia alipakua sahani moja.

Mimi bibi yako,
Hawa