Usisahau Chumba

3 Machi

Chiriku wangu,

Hujambo huko? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananung'unika. Swali letu la mwezi huu ni chai. Ina nyuzi joto themanini, chumba kina ishirini. Kila dakika inapoa kwa kasi ya sehemu moja ya kumi ya joto lililozidi lile la chumba. Baada ya dakika kumi?

Wewe endelea na vihatua vyako vya kompyuta, dakika moja moja, haba na haba. Kalamu yangu inatoa kanuni nzima, mwanzo hadi mwisho, kwa pigo moja. Jibu: ishirini na tisa. Haya, bisha!

Baba yako, mwalimu mstaafu asiyestaafu

17 Machi

Shikamoo Baba,

Magoti yapake mafuta, usiyabembeleze. Mimi nimepata arobaini na moja. Nikafupisha vihatua, ikawa arobaini na mbili. Nikajua nimekosea, maana siku zote anayekosea ni mimi.

Kumbe umekisahau chumba. Umeiacha chai ipoe kuelekea sifuri. Wewe, Baba, uliyeandika ubaoni kila muhula: "Usisahau chumba!" Na Kaka anasema juzi ulikaa sebuleni kwako ukamuuliza hapa ni kwa nani. Nimelia, sikufichi.

Binti yako

2 Aprili

Chiriku,

Salama? Nilichelewa kwa aibu. Ni kweli, mwanangu, na ninaogopa. Kanuni nzima inataka ukumbuke ulikoanzia. Mimi nikigeuka nyuma naona mvuke tu, mweupe, umetulia, kama dirisha la jikoni maji yakichemka. Si pabaya hapo. Naogopa tu kukupoteza wewe.

Baba yako

9 Aprili

Shikamoo Baba,

Basi njoo kwenye vihatua, ulivyovicheka miaka yote. Havikuulizi ulianzia wapi. Vinauliza uko wapi sasa na unaelekea wapi. Unapiga hatua moja, unauliza tena. Jibu linakosea kidogo, lakini linafika karibu. Karibu inanitosha.

Binti yako, Chiriku

6 Agosti

Chiriku,

Hujambo? Nami sijambo. Nimekaa kitini, dirishani. Chumba nyuzi ishirini, nimekiandika kwanza. Chai hamsini. Dakika ijayo, kama arobaini na saba.

Ya kabla ya hapo siyajui, wala leo sikuyahangaikia. Jina lako nimelinakili kutoka kwenye barua yako, nikaanzia hapo. Kuna bwana mmoja mpole hapa, naye ananiita Baba, atakayeipeleka hii posta. Ninaelekea kwako.

Baba yako. Ndivyo barua yako inavyosema, nami naiamini.